Kisima Kisicho na Sura ya Pili

Kuna hadithi moja ambayo sisi wakazi wa Dodoma tumesimuliwa mara nyingi, na sasa tumeanza kuisimulia wenyewe. Inakwenda hivi. Kijiji kikavu, jua kali. Mama anaamka alfajiri, anajitwika ndoo, anatembea mwendo mrefu hadi korongoni, anafukua mchanga na kuchota maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Binti yake haendi shule kwa sababu ya maji. Siku moja linatokea gari na vumbi lake. Wanashuka vijana wa kutoka ng'ambo waliokuja kujitolea, wamevaa kofia pana na kujipaka mafuta ya kuzuia jua. Wanachimba pamoja na wanakijiji. Inapita siku moja ya wasiwasi, mashine imegonga mwamba. Halafu maji yanaruka! Watoto wanalowa, mzee mmoja anainua mikono kumshukuru Mungu, kijana wa ng'ambo anatoa machozi, utepe unakatwa. Mwisho.

Nimeikuta hadithi hiyo katika vipeperushi vya wafadhili, katika barua ambazo watu wa kujitolea huwaandikia jamaa zao, na katika kalenda za ukutani. Huko sikuishangaa, kwani ndiko ilikozaliwa. Kilichonishtua ni kuikuta kwenye meza ya jarida letu hili. Katika fungu la miswada nililopewa nisome, kadhaa ilikuwa hadithi hiyohiyo, kilichobadilika ni jina la mahali tu: huyu kaiweka Bahi, yule Mpwapwa, mwingine kaipeleka hadi Manyoni. Waandishi wake ni vijana wa mjini kama mimi, Kiswahili chao safi, na wengine wana shangazi na bibi katika vijiji hivyohivyo. Wanayajua maji ya Ugogo kwa ulimi, wanajua yapi yana chumvi. Lakini wakishika kalamu, wanaona kwa macho ya mtu aliyeshuka kwenye gari.

Makala haya ni jibu langu kwao, na wanisamehe nikisema kwa sauti. Nadai jambo moja: hadithi ya kisima inaishia pale ilipotakiwa kuanza, na kasoro hiyo haidhuru fasihi peke yake. Inakausha visima.

Tuliosoma Kiswahili sekondari tunaijua dawa ya mwalimu: fani na maudhui. Wengi tuliikariri ili tufaulu mtihani, tukaitupa. Leo naomba tuiokote, tuipe kazi.

Muundo

Hadithi ya kisima ni ya moja kwa moja: shida, mgeni, mapambano, ushindi. Muda wake ni mfupi kwa sababu muda wa msimulizi wake ni mfupi. Amekuja kwa majuma kadhaa na tiketi ya kurudi anayo mfukoni. Ameuona mwanzo wa kisima, basi anadhani mwanzo ndio kisima chenyewe. Simlaumu kwa kuondoka, kila mgeni huondoka. Ninachokataa ni siku yake ya kuondoka kufanywa siku ya mwisho ya hadithi ya watu wengine.

Sasa tazama mambo yalivyo. Mwaka 2009 shirika la WaterAid, ambalo lenyewe linaendeshwa kwa michango ya watu waliosikia hadithi za namna hii, lilichapisha ripoti ya utafiti wake hapa Tanzania. Ilisema kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vya vijijini vilikuwa havifanyi kazi, na kwamba robo ya vituo vilikuwa vimeshakufa miaka miwili tu baada ya kujengwa. Hesabu ya serikali ya mwaka 2013 ilipita nchi nzima, ikakuta vituo zaidi ya 65,000, na takriban vinne katika kila kumi havikuwa vikifanya kazi.

Hebu zisome namba hizo kama mwandishi. Zinakuambia kwamba jambo kubwa linalovipata visima vingi ni lile ambalo hadithi hailigusi kabisa. Ni kama riwaya ya ndoa inayofungwa siku ya harusi: watu wamekula pilau, wamecheza, bibi harusi kapanda gari, kitabu kimekwisha. Wewe msomaji mwenye akili zako unajua kwamba shughuli yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Na katika nyanda hizi za kati shughuli ni nzito kuliko kwingine. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa wastani kama milimita 570 kwa mwaka, na miezi inayobaki ni kiangazi. Maji ya uhakika yako chini sana, ndani ya miamba, na ukiyafikia unaweza kukuta ni ya chumvi. Kwa hiyo huku kwetu kisima ni shimo, na injini, na dizeli, na fundi, na ufunguo, na daftari la fedha. Siku hizi mahali pengine sola imechukua nafasi ya dizeli, lakini fundi, ufunguo na daftari viko palepale. Shimo unaweza kulichimba kwa siku chache na kulipiga picha. Hayo mengine hayana siku ya kuzinduliwa. Nani atakata utepe wa mpira wa pampu?

Hapo ndipo ninaposema kwamba hadithi inakausha visima. Fedha hufuata hadithi. Mtu aliyeko ng'ambo akisoma kwamba maji yameruka na mambo yamekwisha, atatoa mchango kijiji kingine nacho kirushe maji. Hatatoa nauli ya fundi wa kijiji kile cha kwanza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kile cha kwanza bado kinaendelea kuishi, kuugua na kuhitaji tiba. Hadithi yake imefungwa. Nasi tukiiandika vilevile kwa Kiswahili, tunamsaidia kuifunga.

Wahusika

Wahusika wa hadithi hii wanahesabika: mama mwenye ndoo, binti asiyesoma, mzee wa baraka, mgeni mwenye machozi. Watatu wa kwanza hawana majina. Hata wakipewa, hawana ugomvi wala deni, hawana mzaha, wala hawana siri. Mama mwenye ndoo anatembea tu. Katika miswada niliyosoma hakuna hata mmoja ambamo mama huyo anamsengenya mtu njiani, na wote tunajua kwamba njia ya maji ndiko habari zote za kijiji zinakopita.

Waliokosekana ni wengi zaidi. Yuko wapi mweka hazina? Yuko wapi mwenye ufunguo wa pampu, ambaye akigombana na mumewe usiku watu wanachelewa kupata maji asubuhi? Yuko wapi fundi aliyefundishwa siku tano, akapewa spana na cheti, kisha akahamia mjini kwa sababu spana ile ina malipo zaidi mjini? Yuko wapi mwenye mkokoteni wa kuuza madumu, ambaye kisima kikifa yeye anapona? Huyo peke yake ni riwaya nzima. Si mtu mbaya, ana watoto wa kulisha, lakini kila asubuhi anasikiliza kama injini imewaka, na hasemi anaomba nini.

Chukua mfano wa Kongwa. Wilaya ile ilisumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa wa macho unaoenea kirahisi kwa watoto wenye nyuso chafu na nzi. Watafiti waliofanya kazi huko tangu miaka ya 1980 walitaka watoto wanawishwe uso, na ungetegemea waambiwe kwamba tatizo ni umbali wa maji tu. Umbali ulikuwepo. Lakini walikuta pia kwamba watu walikadiria maji ya kunawisha uso kuwa mengi kuliko yanayohitajika hasa, na kwamba ndani ya nyumba maji yana siasa yake: nani anaamua yatumike wapi, na neno la baba lina uzito gani juu ya maji yaliyobebwa na mama. Majaribio yao yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba pale matibabu yalipofuatana na kampeni ya kunawisha uso, watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali.

Mwandishi akisoma hayo anapaswa kuruka juu. Hapo pana jioni moja, dumu moja, na madai manne: ugali, ndama mgonjwa, miguu ya baba aliyetoka shamba, na uso wa mtoto. Mama anashika kikombe. Hakuna mgeni hata mmoja ndani ya nyumba hiyo, na bado ni hadithi ya maji safi kuliko zote nilizoletewa. Itakosa picha ya kalenda, ndiyo, lakini msomaji hataiacha katikati.

Lugha

Katika lugha ndipo hadithi hii inajifichua yenyewe. Chukua mswada wowote kati ya ile, piga mstari chini ya vitenzi. Wageni wanapima, wanachimba, wanajenga, wanaamua, wanalia. Wanakijiji wanapimiwa, wanachimbiwa, wanajengewa, wanafundishwa, wanaletewa. Walimu wetu waliita hii kauli ya kutendewa. Kijiji kizima kimefungiwa ndani ya kiambishi kidogo cha mwisho wa kitenzi na hakitoki hadi utepe ukatwe.

Hebu lisikilize neno “kuletewa maji”. Maji yale hayakupanda ndege. Yalikuwa chini ya miguu ya watu hao kabla babu zao hawajazaliwa. Kilicholetwa ni fedha na mashine, na ni halali kushukuru kwa hivyo. Lakini mwandishi anayesema maji yameletwa ameshawafanya wenye nchi kuwa wageni wa ardhi yao.

Na tusidanganyane kwamba sarufi hii ililetwa na wazungu peke yao. Mwaka 1971 serikali yetu ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na maji hayo yawe ya bure. Ilikuwa ndoto nzuri, na mimi sina ulimi wa kuicheka. Miaka hiyohiyo Operesheni Dodoma ilikuwa ikiwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na maji yalikuwa moja ya ahadi za kuhamia. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wahisani wa nje, Wasweden wakiwa mstari wa mbele. Kisha mwaka uliotajwa katika ahadi ukafika, mita 400 hazikuwafikia wote, na sera ya maji ya mwaka huohuo wa 1991 ikageuza usemi: sasa wananchi wachangie. Watu waliozoezwa miaka 20 kusema “tumejengewa” wakatakiwa asubuhi moja waanze kusema “tumenunua”. Mabadiliko ya namna hiyo katika kinywa cha mtu mzima ni jambo la fasihi, jamani. Nani kati yetu ameliandika?

Mwaka huohuo wa 1991 hapa mkoani Dodoma ulianza mpango wa WAMMA. Jina lenyewe limeshonwa kwa vipande vya majina ya washirika: WaterAid, Maji, Maendeleo, Afya. Watumishi wa idara tatu za serikali walipanda gari moja kwenda kijijini, wakakaa na watu, na kijiji kikatakiwa kiwe na kamati yake na mfuko wake wa maji. Sisemi mpango ule ulikuwa bila dosari. Nasema sarufi yake ilikuwa tofauti: kijiji kilikuwa na vitenzi vyake. Ajabu ni kwamba mpango uliokuwa na mabishano, mikutano ya hadhara, watu kukataa kuchanga na kisha kukubali, haukutuachia hadithi tunazozijua mjini. Gari, kofia na machozi vimeushinda kwa umaarufu.

Mtetezi wa wageni

Najua kuna msomaji ameshakunja uso. Anasema: wee mhakiki, umeshiba maji ya bomba ya Mzakwe, unakaa mjini kuchambua viambishi, mwenzio ana kiu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisima kikitoka, hata kwa miaka miwili, mtoto fulani hakuharisha miaka hiyo miwili.

Ni kweli, na sitaki kuipunguza kweli hiyo. Wala siwadharau vijana wanaojitolea. Nimewafasiria baadhi yao maneno, nimewaona wakibeba mawe hadi viganja vikachubuka, na walikuwa wakiuliza maswali ambayo sisi tulishaacha kuuliza. Tena tusisahau kwamba si wote waliotoka nje. Kwa miaka kadhaa baada ya 2012, shirika la Uingereza la Raleigh International lilikuwa na miradi ya maji na usafi nchini kwetu, na katika mpango uliolipiwa na serikali ya Uingereza, vijana wa Uingereza na wa Tanzania walikaa pamoja vijijini majuma kumi hadi kumi na mawili, katika nyumba za wenyeji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao walipewa jembe, wakalima.

Lakini hebu ona: katika hadithi zilizoandikwa, yule Mtanzania wa kujitolea yuko wapi? Binti wa Temeke au wa Iringa mjini, ambaye kijiji cha Ugogo ni kigeni kwake karibu kama kwa yule wa Leeds, anayeona aibu kwa kutojua Kigogo, anayeitwa “mzungu mweusi” na watoto? Angekuwa mhusika mkuu wa ajabu. Na shirika lenyewe, baada ya janga la UVIKO-19 na kukoma kwa fedha za mpango ule, lilifunga milango mwaka 2022. Kumbe hata wanaoleta hadithi wana sura yao ya pili.

Tena nina neno kuhusu barua. Mwaka 1961 Peace Corps ya Marekani ilituma Tanganyika kundi lake la kwanza: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Mwaka huohuo kule Ibadan, Nigeria, kijana mmoja wa kundi jingine aliandika kadi ya posta kwenda kwao, akieleza maisha aliyoyakuta kwa maneno yaliyowaudhi wenyeji. Kadi ikadondoka kabla haijatumwa. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaiokota, wakainakili, wakaisambaza, wakakusanyika kupinga, na habari ikavuka bahari. Sikumbushi kisa hiki ili kumchapa binti yule. Aliomba radhi, na maisha yakaendelea. Nakikumbusha kwa sababu ya somo la uandishi lililomo: kila barua kuhusu watu fulani huandikwa kwa imani kwamba watu hao hawataisoma. Nasi tunaoandika kuhusu mama mwenye ndoo tuna imani hiyohiyo. Bahati mbaya kwetu, binti yake sasa yuko kidato cha nne na simu anayo. Atatusoma. Mswada usioweza kusomwa mbele yake usiletwe.

Waliorudi kuandika

Msidhani ninadai jambo lisilowezekana. Wapo walioandika sura ya pili.

Hapahapa kwetu Kongwa, kuanzia 1947, serikali ya Uingereza ilileta mpango wa karanga. Wanaume waliotoka vitani waliomba kazi kwa wingi, wakiamini wanakwenda kulisha dunia yenye njaa. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki vya mibuyu, udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama tofali, na mvua ikafanya ilivyozoea kufanya Ugogo, yaani ikakataa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Kitabu kinachokumbukwa kuhusu kisa hicho, The Groundnut Affair cha mwaka 1950, kiliandikwa na Alan Wood, mtu ambaye alikuwa amefanya kazi ya habari katika shirika hilohilo lililoendesha mpango. Yaani msemaji wa sura ya kwanza ndiye aliyekaa chini kuandika ya pili.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na maji. Mwaka 2005 mwandishi wa habari Amy Costello alirusha katika televisheni ya Marekani habari tamu kuhusu pampu ya Afrika Kusini iliyofungwa kwenye bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, maji yanapanda. Watu waliipenda sana, na mwaka uliofuata mamilioni ya dola yaliahidiwa pampu hizo zisambazwe katika nchi kadhaa za Afrika. Baadaye huyohuyo akaenda Msumbiji kuangalia. Alikuta pampu zilizoharibika, na akina mama wazima wakiizungusha bembea kwa jasho kwa kuwa watoto hawachezi saa zote ambazo watu wana kiu. Mwaka 2010 akayarusha hayo pia, akiitazama upya habari yake mwenyewe ya kwanza. Mnaotaka kuwa waandishi, pimeni uzito wa kazi hiyo.

Na kwa nini twende mbali? Tamthilia kubwa ya nchi yetu kuhusu maji ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Maji ya Kinjeketile yanatoka mapema. Watu wanayapokea, wanaungana, wanafurahi. Mwandishi wa hadithi ya kisima angefunga pazia hapo. Hussein ndiyo kwanza anaanza kuuliza: maji haya ni ya nani sasa? Neno likishatoka kwa aliyelisema, nani analimiliki? Watu wakiyaamini kupita kiasi inakuwaje, na yakishindwa nani atasimama kujibu? Mchezo wote uko baada ya maji kupatikana.

Mfano wa mwisho ni wa nyumbani kabisa. Mathias Mnyampala, mtoto wa Dodoma aliyezaliwa 1917, aliandika kwa Kiswahili historia, mila na desturi za Wagogo, kitabu kikatoka 1954, wakati ambapo wengi walidhani kazi ya kuwaandika Wagogo ni ya wageni. Huyo ndiye pia aliyeitangaza ngonjera nchi nzima, utungo ambao mmoja anasema na mwingine anajibu, na huwezi kuuendesha ukiwa peke yako jukwaani. Hadithi ya kisima ina mdomo mmoja. Mgeni anasema, kijiji kinacheka na kulowa. Ingetiwa ngonjera ndani yake, mtu angesimama upande wa pili na kujibu: karibu, lakini mwaka juzi walikuja wengine, shimo lao lile pale, njoo tuliangalie kwanza.

Daftari jeusi

Mwaka jana nilikaa siku mbili katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Kisima kilikuwa kikitoa maji, na pembeni yake pana kibao cha saruji chenye majina ya waliokifadhili. Mweka hazina, mama wa makamo, alinionyesha kaunta buku yenye jalada jeusi. Nilikuwa nimeomba kuona hesabu, nikajikuta nasoma.

Ukurasa wa kwanza una “soda za wageni” na “kuku wa wageni”. Kisha michango ya kaya, jina kwa jina, tiki na nafasi tupu. Dizeli. Dizeli. Nauli ya fundi kwenda mjini na kurudi. Halafu kurasa kadhaa hazina kitu. Zinapoanza tena, mwandiko ni mwingine: mweka hazina wa kwanza hayupo, na hakuna maelezo. Chini ya mwandiko huo mpya kuna orodha ya waliochanga kukifufua kisima, na mbele ya baadhi ya majina, badala ya fedha, limeandikwa neno “mbuzi”. Nikamuuliza yule mama yaliyotokea kati ya mwandiko wa kwanza na wa pili. Akacheka, akasema, “Mwanangu, hayo ukitaka kuyajua utalala hapa wiki.”

Sikuwa na wiki. Lakini wapo miongoni mwenu wanaoweza kulala hapo wiki, kwa sababu kijiji hicho ni kwa bibi yao. Leo jumuiya za watumia maji zimewekwa kisheria. Tangu 2019 kuna Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, unaozisimamia. Madaftari ya namna hiyo yapo wilaya baada ya wilaya, na ndani yake mna wizi, msamaha, mapinduzi, uchumba uliovunjika kwa sababu ya ufunguo, na mbuzi. Majina ya wafadhili yako kwenye saruji. Majina ya waliotoa mbuzi yako kwenye karatasi ambayo mchwa wanaisubiri.

Kwa hiyo ndugu zangu, namwomba mhariri aniruhusu kutoa tangazo. Fungu la miswada bado liko mezani kwangu na lina nafasi. Nileteeni hadithi inayoanza asubuhi ile injini ilipokataa kuwaka, watu wamepanga ndoo, mwenye ufunguo hajulikani alipo. Mgeni akiwemo, naye apewe jembe kama wengine. Na kama ni lazima utepe ukatwe, ukatwe ukurasa wa kwanza.